Lang'ata ilikuwa ya Baba, sasa Jubilee waliipataje 2017?

Kijana wa Otiende:
Hamjambo wakubwa. Nimezaliwa hapa Otiende na tangu utotoni naambiwa eneo bunge letu la Lang'ata, hapa Nairobi, ni la Baba, Raila Odinga, kwisha maneno. Lakini 2017, mara yangu ya kwanza kupiga kura, kiti kilienda kwa Nixon Korir wa Jubilee, chama cha Uhuru Kenyatta, na Baba mwenyewe alikuwa kwenye karatasi ya urais siku hiyohiyo. Mjomba wangu anasema ODM, chama cha Raila, walijimaliza wenyewe kwenye mchujo. Mimi naona kuna kitu kingine. Anayejua historia ya hiki kiti anisaidie, na tafadhali tusitukanane. Tena, ni kweli tuliwahi kuwa na mbunge mzungu ama hizo ni porojo za wazee?

Mzee wa Makina:
Mjukuu wangu, mzungu alikuwepo. Philip Leakey, mtoto wa yule Louis Leakey wa mafuvu, ndugu yake Richard. Alituwakilisha kuanzia 1979 mpaka 1992, na Moi akampa unaibu waziri. Kwa hiyo wazee wako hawakupiga porojo.

Lakini tuanze nyuma kidogo. 1969 kiti kilichukuliwa na Yunis Ali, Mnubi wa hapa kwetu Kibera, na sisi wa Makina hilo hatulisahau kwa sababu mpaka leo hajatokea Mnubi mwingine bungeni kutoka hapa. Mwangi Mathai alijaribu mwaka huo akakosa, akarudi 1974 akashinda. Huyo ndiye aliyekuwa mume wa Profesa Wangari Maathai. Katika kampeni alikuwa ameahidi watu kazi, na baada ya kura ni mama aliyekuna kichwa kazi zitatoka wapi. Akaanzisha kampuni ya kupanda miti na kutunza bustani ili wasio na ajira wa eneo bunge hili wapate chochote. Haikufika mbali, ila ukitafuta mzizi wa Green Belt, lile vuguvugu lake la kupanda miti la 1977, utapita kwenye ahadi ya mbunge wa Lang'ata. Watu wanaimba miti ya Wangari hawajui ilianzia kwenye siasa za mtaani kwetu. Haya, 1979 Leakey akambwaga Mathai.

1988 ilikuwa mlolongo. Unajipanga nyuma ya picha ya mtu wako, jua la Nairobi linakupiga, chifu anakuangalia. Sitaki hata kuizungumzia.

Sasa sikiliza vizuri. Desemba 1992 vyama vingi vimerudi, Raila anakuja na FORD-Kenya, chama cha babake Jaramogi, anamwondoa Leakey. Lang'ata wakati huo ilikuwa kitu kimoja kikubwa: Karen yenye makasri, Nairobi West, South C, mitaa yenu ya Otiende na Onyonka, na Kibera nzima. Waliojaza masanduku ni Kibera. Nimekuwa karani wa uchaguzi zaidi ya mara moja, nikwambie nilichokiona. Kwenye vituo vya Laini Saba na Gatwekera saa kumi na moja alfajiri foleni imeshapinda kona. Huko Karen mtu anafika saa nne, anauliza kama kuna foleni ya wazee, anarudi kwenye gari.

Jaramogi akafa Januari 1994, Raila akagombana na Wamalwa Kijana juu ya uongozi wa chama, akahamia NDP, ile ya alama ya trekta. Jina lake la utani, Tinga, limetoka hapo. Sheria ilisema ukihama chama unapoteza kiti. Na sheria hiyo ilitungwa 1966 kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya babake, alipotoka KANU, chama tawala, na kuanzisha KPU! Basi mtoto akarudi kwa wapiga kura, uchaguzi mdogo wa Machi 1997, akashinda kwa trekta. Desemba mwaka huohuo akashinda tena. 2002 akashinda na NARC, 2007 na ODM. FORD-Kenya, NDP, NARC, ODM: Kibera tulikuwa tunamfuata mtu, chama ni koti tu.

2007 ndio mwaka kiti hiki kilikaribia kuamua nchi. Vijana hamjui kwamba katiba ya zamani ilidai rais awe amechaguliwa pia kuwa mbunge. Asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane, sawa, lakini pia ushinde eneo bunge lako. Kwa hiyo mtu angeweza kuongoza kura za urais nchi nzima na bado aanguke kwa sababu ya Lang'ata. Ndiyo sababu Stanley Livondo wa PNU, chama cha Kibaki, alipiga kampeni hapa kama mtu aliyepewa funguo za Ikulu. Asubuhi ya kupiga kura, shule ya msingi ya Old Kibera, jina la Raila halikupatikana kwenye daftari. Mtaa ulichemka. Baadaye alirudi akapiga, na Livondo akashindwa vibaya.

Jibu lako sasa. Katiba ya 2010 iliongeza maeneo bunge kutoka 210 hadi 290, na Nairobi ikatoka 8 ikawa 17. Lang'ata ikapasuliwa. Laini Saba, Lindi, Makina, Woodley na Sarang'ombe zikawa Kibra. Mkabaki na Karen, Nairobi West, South C, Mugumo-ini na Nyayo Highrise. Jina mlibaki nalo nyinyi, kura tukaondoka nazo sisi. Kile Leakey na Livondo walishindwa, mchora mpaka alikifanya kwa kalamu. 2013 Joash Olum wa ODM alipita, 2017 hakupita mtu wa ODM. Mimi sikushangaa hata kidogo.

Mama South C:
Shikamoo Mzee, ila hapo kwenye kalamu nakupinga. Kama mpaka ndio uliomaliza ODM, mbona Olum alishinda 2013 kwa mpaka huohuo? Na 2022 Jalang'o, Felix Odiwuor, alimshinda Korir kwa tiketi ya ODM, Korir akiwa UDA, chama cha Ruto, na ndiye aliyeshika kiti. Sisi wa South C hatupigi suti, yaani chama kimoja kwa viti vyote. Nyumbani kwangu pekee, kura ya urais, ya gavana na ya mbunge zilienda vyama vitatu tofauti. Wasomali, Wakikuyu, Wajaluo, Wakamba, Waasia, wote tuko geti moja. Tunauliza nani atashughulikia maji na mafuriko, maana Nairobi Dam ikijaa hakuna anayeulizwa kadi ya chama.

Na msisahau, vibanda havikwenda Kibra vyote. Soweto Mashariki iko Nyayo Highrise, Kuwinda iko Karen. Hizo kura bado ziko Lang'ata.

Mzee wa Makina:
Marahaba binti yangu. Wala hatugombani. Sikusema Lang'ata imekuwa ya upande ule mwingine, nasema imekuwa ya kushindaniwa. 2013 ODM, 2017 Jubilee, 2022 ODM tena. Kabla ya hapo miaka ishirini hakukuwa na swali. Soweto na Kuwinda ni kweli, nimekubali, ndizo zinazofanya ODM isizame kabisa huko kwenu.

Ukitaka kuona kiti cha zamani kiko wapi, angalia Kibra. Ken Okoth alishinda 2013 na 2017, kijana aliyejenga shule, akafariki Julai 2019 kwa saratani. Uchaguzi mdogo wa Novemba 7 ulikuja na wagombea 24. Ruto, wakati huo Naibu Rais, akamleta McDonald Mariga, aliyewahi kuchezea Inter Milan, pesa na helikopta juu. Imran Okoth, nduguye Ken, alipata 24,636, Mariga 11,230, Eliud Owalo 5,275. Raila alisema hapa ni chumba chake cha kulala, na kweli mgeni alitolewa nje. 2022 akapita Mwalimu Peter Orero, ODM vilevile. Chumba hicho hakikuwahi kuwa Otiende, mjukuu wangu. Kilikuwa huku.

Kijana wa Otiende:
Asante Mzee, asante Mama. Mjomba nitamtumia hii yote. Swali moja la mwisho: Jalang'o alienda Ikulu kwa Ruto Februari 2023, ODM wakatangaza kumfukuza Septemba. Ile sheria ya Tinga, ya kurudi kwa wapiga kura, haikumgusa?

Mzee wa Makina:
Tinga alijiuzulu mwenyewe na kuandika barua. Jalang'o hakuandika barua yoyote, alipiga picha tu. Akija hapo Otiende kuomba kura 2027, muulize wewe.