Taa za uwanja wa pikoboli zinatutoboa macho na mpira hatuuoni, mwanakandarasi anasema kazi imeisha

Jamani, naandika hii saa nne usiku nikiwa bado na hasira, na kesho sitaifuta.

Shosho wa Bloku C, miaka 67, amepigwa mpira wa shavu jioni hii tukicheza pikoboli, ule mchezo kama tenisi ndogo unaochezwa kwa vibao, vidole viwili chini ya jicho. Hakuzembea. Mtu aliinua mpira wa juu, yeye akatazama juu kuufuata kama tulivyofundishwa sote, akakutana na taa. Nilikuwa upande wake. Nilimwona anainua mkono kujikinga macho, kibao bado kiko kiunoni, halafu nikasikia paa! Mpira wa pikoboli ni wa plastiki, una matundu, ni mwepesi, lakini usiombe ukupate usoni ukitoka kwenye smashi. Shavuni amebaki na alama za matundu mawili, unaziona kabisa.

Nilipoandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa, mwenyekiti wa kamati akajibu tuvae kofia.

Mtaa wetu uko Lang'ata, nyumba 31. Tulikuwa na uwanja wa zamani wa badminton ambao watu walikuwa wanaanikia nguo. Vipimo vyake ni vilevile vya pikoboli, mita 6.1 kwa 13.4, kwa hiyo tulihitaji wavu, rangi na taa basi. Taa ndizo zilikuwa jambo lenyewe. Hapa Nairobi jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, na ukitoka kazini saa kumi na moja, ukimaliza foleni ya Lang'ata Road tayari ni giza. Bila taa uwanja huo ni wa wikendi tu. Tukachanga elfu sita kila nyumba, Sh 186,000. Kuna watu walitoa hiyo pesa mwezi wa karo.

Mwanakandarasi alikuja mara moja, akakaa dakika kumi, hata futi ya kupimia hakuwa nayo. Makadirio yake yalikuwa mstari mmoja: taa nne za LED za wati 200, nguzo mbili, na ufundi. Nikamuuliza nguzo zitasimama wapi. Akaniambia, "Mama, hizi ni kama mulika mwizi, zitamulika mpaka Ngong." Kamati ikacheka, ikatia sahihi.

Sasa tazameni alichofanya. Amesimamisha nguzo moja nyuma ya kila mstari wa mwisho, katikati kabisa, urefu mita nne. Maana yake ni kwamba ukisimama kucheza, taa ya upande wa pili iko usoni mwako kuanzia pointi ya kwanza hadi ya mwisho. Yeyote aliyewahi kushika kibao angemwambia nguzo zinakaa pembeni, kando ya mistari mirefu, nje ya pale watu wanapokimbilia, mita sita kwenda juu, na taa inainamishwa itazame sakafu. Huu mchezo una mipira ya juu kila dakika na yote inafuatwa kwa macho. Taa ikiwa fupi na imekukodolea, mpira unaingia ndani ya mwanga na kupotea humo humo. Kinachotuficha mpira ni taa yenyewe! Kamati yoyote inayosoma hapa ilishike hilo, kwa sababu ukienda Luthuli Avenue utauziwa ukali, wati juu ya wati, na hakuna atakayekuuliza macho ya mchezaji yatakuwa yanatazama wapi.

Na hata hizo wati ni uongo. Mpwa wangu ni mhandisi wa umeme, Jumapili alikuja na vifaa vyake. "Anti, nishikie ngazi." Akabana waya wa taa moja kwa kile kipimo chake, ikasoma ampea 0.3. Zidisha kwa volti 240, unapata wati 72. Kwenye boksi imeandikwa 200! Halafu akazunguka uwanja mzima na kipima mwanga. Kinasoma laksi, yaani kiasi cha mwanga unaotua mahali. Chini ya nguzo, laksi 290. Kwenye wavu, laksi 46. Mchezo wa kujifurahisha unataka laksi 300 hivi, na uzipate kila mahali, siyo ncha mbili zing'ae na katikati pawe kama jioni ya mawingu. Kwenye wavu ndiko tunakoita jikoni, ile mita 2.13 kila upande ambayo huruhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda. Watu wanne wanasimama kwenye ukingo wake wakirushiana kwa kasi, na hapo ndipo penye kiza. Mpira unatoka mwangani, unazama kivulini, unaibukia puani kwako.

Aliniandikia hesabu nyuma ya bahasha. Eneo lote la kucheza na kukimbilia ni mita 9.1 kwa 18.3, yaani mita za mraba 166. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa, na laksi moja ni lumeni moja kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo unataka lumeni kama 50,000 zitue sakafuni, na kwa kuwa nyingi hupotelea pembeni, unanunua 80,000 hivi. Mtoto wa darasa la saba anaiweza hesabu hiyo. Muulizeni fundi lumeni, msimuulize wati.

Rangi ya mwanga nayo ni ile nyeupe ya kuingia bluu, kelvini 6500, wakati 4000 au 5000 zingetosha bila kuumiza macho. Mwanga wa bluu unavuta wadudu kuliko wa manjano. Novemba mvua ilipiga mchana kutwa, jioni tukawasha taa, kumbikumbi wakaja kama moshi. Ndani ya nusu saa mabawa yalikuwa yametapakaa sakafu nzima, ukikanyaga unateleza, wengine wako mdomoni. Tulizima tukaenda nyumbani.

Dada wa orofa ya tatu ana mtoto wa miezi minne na ametundika blanketi dirishani. Aliponilalamikia nilimwambia ana haki, kwa sababu taa haina hata kofia ya bati ya kuzuia mwanga usipande juu.

Kinachoniogopesha zaidi ni nyaya. Viungo vimezungushiwa tepu tu, viko chini kabisa ya nguzo ya chuma, mahali maji ya mvua yanapotuama na watoto wanapoegemea. Nimemuomba mwanakandarasi leseni yake ya EPRA, ile mamlaka ya nishati inayowapa mafundi wa umeme leseni, mara tatu kwa maandishi. Ujumbe umesomwa, jibu hakuna. Lakini jumbe zake za kudai salio la Sh 30,000 zinaingia kila asubuhi.

Jumamosi tuna kikao na nitasimama nikasema haya haya. Salio lisilipwe. Nyaya zikatwe stima kuanzia kesho mpaka mtu mwenye leseni azikague. Nguzo zing'olewe, zihamishiwe pembeni na zirefushwe, na taa zirudishwe dukani pamoja na boksi lililoandikwa 200.

Ninachoomba kwenu, hasa mlio Nairobi: kuna aliyewahi kuhamisha nguzo zilizokwisha kumwagiwa zege? Ile ya zamani inachimbuliwa au inakatwa? Shimo jipya la nguzo ya mita sita liende chini kiasi gani kwenye udongo wetu huu mweusi wa Lang'ata unaovimba mvua ikinyesha? Na kama una mkataba wa kazi ya taa ulioandikwa vizuri, wenye laksi na mahali pa nguzo, funika majina uuweke hapa niuchapishe kabla ya Jumamosi.