Tupeane uzoefu: namba za takwimu za tovuti zinazochanganya wanaoanza, zasomwaje?

Mwenye uzi, Tononoka

Salaam wenzangu. Uzi huu ni wa wenye tovuti ndogo za biashara hapa Mombasa: nyumba za wageni Nyali na Bamburi, maduka ya leso, waongoza watalii, mafundi wa friji. Wengi wao, aliyewatengenezea tovuti aliwawekea Google Analytics (chombo cha Google cha kuhesabu wanaotembelea tovuti) akaenda zake, na wakiifungua hawajui waanzie namba gani. Kila mwenye ujuzi achukue kipimo kimoja au viwili, aeleze kinahesabu nini hasa, kinaharibika wapi na kinarekebishwa vipi. Visa vya mtu binafsi tuviache, tuandike mambo ambayo mwenzetu anaweza kuyafuata simu ikiwa mkononi.

Nafungua na ya msingi. Mtumiaji, kipindi na ukurasa uliotazamwa ni vitu vitatu tofauti. Tuseme mtu yuko foleni ya feri Likoni, amefungua tovuti ya nyumba ya wageni akatazama kurasa 3: picha, bei, ramani. Feri ikaja, simu ikarudi mfukoni. Baada ya dakika 40 yuko ng'ambo, anaufungua upya ukurasa wa bei. Hesabu yake ni mtumiaji 1, vipindi 2, kurasa 4. Kipindi hufungwa dakika 30 zikipita bila mtu kufanya lolote. Hivyo ndivyo Google Analytics inavyokuja, ingawa muda huo unaweza kuubadilisha. Angerudi baada ya dakika 20, kingehesabiwa kipindi 1 tu.

Na mtu akikutajia "hiti elfu kumi kwa mwezi", muulize ni hiti au ni vipindi. Hiti ni hesabu ya seva: kila faili inayoombwa ni hiti moja. Ukurasa wenye picha 30 na faili 5 za muonekano unatoa hiti 36 kwa mtu mmoja aliyeufungua mara moja.

Fundi wa Tudor

Niongeze hapo kwenye mtumiaji, maana ndipo watu hujidanganya zaidi. Google Analytics haimjui mtu. Inajua kidakuzi, yaani faili dogo la kumbukumbu, kiitwacho _ga kilichowekwa ndani ya kivinjari. Mteja mmoja akitazama kwa simu asubuhi, kompyuta ya kazini mchana na tableti usiku, huyo ni watumiaji 3. Upande wa pili, kompyuta moja ya saiba ikipokezanwa na watu 6 bila vidakuzi kufutwa, wote sita ni mtumiaji 1.

Kidakuzi hicho kimepangiwa kuishi miaka 2, lakini Safari ya iPhone hukipa siku 7 tu. Mtalii anayepanga likizo ya Disemba kuanzia Agosti, akirudi kwenye tovuti kila baada ya wiki mbili, kila mara atahesabiwa mgeni mpya. Kwa hiyo wenye nyumba za wageni msione "watumiaji wapya" wengi mkaandika kwenye ripoti kwamba ni wateja wapya. Kipimo hicho kinafaa kuonyesha kupanda na kushuka, hakifai kuhesabia vichwa.

Dada wa Nyali

Mimi nachukua baunsi, kwa sababu neno limebaki lile lile huku maana yake imegeuka.

Katika toleo la zamani la Google Analytics, lililoacha kukusanya takwimu tarehe 1 Julai 2023, baunsi ilikuwa kipindi cha ukurasa mmoja tu. Mtu akisoma dakika tano, akachukua namba ya simu akapiga, alihesabiwa baunsi. Toleo la sasa, GA4, linaanza na kitu kingine: kipindi chenye ushiriki. Kipindi kinaitwa hivyo kikizidi sekunde 10, au kikiwa na kurasa 2 na zaidi, au kikiwa na tukio muhimu ulilolitaja wewe mwenyewe, kama kubofya kitufe cha kupiga simu. Moja kati ya hayo likitimia, inatosha. Baunsi ni vipindi vilivyobaki. Ukiwa na vipindi 400 na 260 vina ushiriki, ushiriki ni asilimia 65 na baunsi ni asilimia 35. Ripoti ya baunsi ya 2022 usiiweke kando ya ya leo ukasema tovuti imeboreka, kwani vipimo ni viwili.

Jambo la kuogopa ni baunsi iliyo karibu na sifuri. Hiyo mara nyingi ina maana kwamba msimbo wa Google umewekwa mara mbili, mmoja ndani ya mandhari (theme) ya tovuti na mwingine kupitia programu-jalizi (plugin). Kila ukurasa ukifunguka unahesabiwa kurasa 2, na kurasa 2 zinatosha kukifanya kipindi kiwe na ushiriki. Ndiyo maana kila mgeni anaonekana amependezwa.

Kukagua ni hivi. Kwenye kompyuta fungua tovuti yako, bonyeza Ctrl na U uone msimbo wa ukurasa, kisha Ctrl na F utafute namba ya tovuti yako ndani ya Google Analytics, inayoanza na G-. Msimbo mmoja wa kawaida huitaja namba hiyo mara 2: mara moja kwenye anwani ya faili, mara moja kwenye mstari wa kuiwasha. Ukiikuta mara 4, una misimbo miwili. Ondoa mmoja, subiri, kisha fungua ukurasa mmoja kwa simu huku ukitazama ripoti ya papo hapo, inayoonyesha dakika 30 zilizopita. Tukio la page_view (ukurasa kutazamwa) lije mara moja tu. Kama tovuti yatumia Google Tag Manager (GTM), chombo cha Google cha kuweka misimbo kwenye tovuti, namba yenye G- huenda isionekane kabisa, utakuta GTM- badala yake. Hapo tatizo huwa ni mtu aliyeweka GTM na kuusahau msimbo wa zamani palepale.

Takwimu zilizokwisha kuharibika hazirekebishiki. Andika tarehe uliyoondoa msimbo wa pili mahali utakapopaona mwakani.

Bamburi Usiku

Saa! Hili halitajwi na linaharibu kila kitu. Akaunti ikifunguliwa haraka bila kuchagua nchi, hubaki na saa za Los Angeles. Saa sita usiku ya huko ni saa nne asubuhi kwetu wakati wa majira yao ya joto, na saa tano asubuhi miezi mingine. Maana yake "Ijumaa" ya ripoti yako inaanza Ijumaa saa nne asubuhi na kuishia Jumamosi saa nne. Waliokuja Ijumaa alfajiri wameandikwa Alhamisi. Ukiweka tangazo Ijumaa saa moja asubuhi, matokeo yake ya kwanza utayakuta jana yake.

Dawa: bonyeza alama ya gurudumu la meno chini kushoto, fungua maelezo ya tovuti yako, chagua Kenya, GMT+3. Hapo hapo weka sarafu iwe shilingi ya Kenya. Badiliko linashika kuanzia wakati huo kwenda mbele tu, na siku ya kubadilisha grafu inaweza kuruka au kulala. Usishtuke.

Ripoti ya saa nayo inaandika 0 hadi 23. Ili upate saa zetu za Kiswahili, kuanzia 7 hadi 18 toa 6, kuanzia 19 hadi 23 toa 18, na 0 hadi 6 ongeza 6. Kwa hiyo 20 ni saa mbili usiku, na 4 ni saa kumi alfajiri. Pia sisi husema usiku wa Ijumaa tukimaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa mashine huo bado ni Alhamisi mpaka saa sita. Mpe anayekuwekea matangazo tarehe na saa kwa namba, msije mkapishana siku nzima.

Leso za Biashara Street

Shukran Bamburi. Mie nazungumzia kulinganisha mwezi na mwezi kwa wauza leso, kanzu na mabuibui. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka. Idd el-Fitr ya 2024 ilikuwa Aprili 10, ya 2025 ilikuwa mwisho wa Machi. Ukilinganisha Aprili 2025 na Aprili 2024 utaona biashara imeanguka, kumbe mauzo ya Idd yamehamia Machi. Tumia kalenda ya ripoti kuchagua tarehe zako mwenyewe: siku 30 kabla ya Idd mwaka huu, dhidi ya siku 30 kabla ya Idd mwaka jana. Ndani ya Ramadhani linganisha pia saa, kwa sababu watu huhama kutoka mchana kwenda baada ya tarawehe mpaka daku. Tangazo lililopangwa kutoka saa sita mchana mwaka mzima, mwezi huo lisogezwe.

Wa nyumba za wageni, Disemba ilinganishwe na Disemba. Mei ni mvua, haifai kuwa kipimo cha chochote.

Fundi wa Tudor

Kuna swali huulizwa kila mara: mbona trafiki kubwa imeandikwa "moja kwa moja", na hakuna anayeandika anwani ya duka kwa mkono? Nyingi ni WhatsApp. Kiungo kikibofywa ndani ya programu ile, kwa kawaida hakisemi kimetoka wapi, na kisicho na chanzo hutupwa kwenye fungu hilo.

Tibu kwa kuongeza alama za UTM mwishoni mwa kiungo, maneno yanayoiambia ripoti mtu ametoka wapi. Herufi hizo zinatokana na Urchin, kampuni iliyonunuliwa na Google mwaka 2005 na kuzaa Google Analytics. Kiungo cha kuweka kwenye status kiwe na mkia huu:

?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=leso-mei

Makosa matatu ya kuepuka. Herufi kubwa na ndogo ni tofauti: WhatsApp na whatsapp zitakuwa mistari miwili, basi andika ndogo siku zote. Nafasi kati ya maneno hukata kiungo, tumia kistari. Na usiweke alama hizi kwenye viungo vya ndani ya tovuti yako, kutoka ukurasa wa mwanzo kwenda wa bei, kwani unafuta chanzo cha kweli kilichomleta mtu.

Mhasibu wa Likoni

Mie natazama mwisho wa safari: pesa. Kiwango cha ununuzi ni oda ukigawa kwa vipindi, mara 100. Oda 12 kwa vipindi 400 ni asilimia 3. Hesabu nyepesi, lakini oda zenyewe zimehesabiwa wapi?

Tovuti nyingi huhesabu oda pale ukurasa wa asante unapofunguka. Kwa M-Pesa, mteja anapata ombi la PIN kwenye simu, analipa, ujumbe wa uthibitisho unaingia, na kwake kazi imekwisha. Anafunga kivinjari. Ukurasa wa asante haukufunguka, kwa hiyo Google haikuona oda, ilhali pesa iko kwenye till. Kinyume chake, mteja akiufungua upya ukurasa wa asante kesho kutazama namba ya oda, oda moja yaweza kuhesabiwa mara mbili. Kinga ya hili la pili ni kutuma namba ya muamala pamoja na tukio la ununuzi, ili marudio ya namba ile ile yasihesabiwe.

Kila Jumatatu chukua taarifa ya till ya wiki, hesabu miamala ya tovuti, weka kando ya ripoti. Tuseme till ina 50 na ripoti ina 38. Pengo ni 12, karibu robo. Pengo likibaki hapo hapo kila wiki, ripoti bado inafaa kulinganisha tangazo na tangazo. Likiruka ghafla, kuna kitu kimekatika kwenye ukurasa wa malipo, na kitafutwe siku hiyo hiyo.

Pia kama malipo yanampeleka mteja kwenye tovuti ya wakala wa malipo kisha kumrudisha, oda zote zitaonekana zimeletwa na wakala huyo. Ingiza anwani yake kwenye orodha ya vyanzo visivyotakiwa, katika mipangilio ya tagi.

Dada wa Nyali

Mahali nako kuna mtego. Mtu aliye Mtwapa akitumia bando ya simu, mara nyingi ripoti humwandika Nairobi, kwa sababu mahali hukisiwa kwa anwani ya intaneti na anwani za mitandao ya simu nyingi zimesajiliwa huko. Usikate tangazo la Mombasa kwa kuona "Mombasa" ina watu wachache. Muulize mteja kwenye fomu ya oda yuko mtaa gani.

Mwenye uzi, Tononoka

Ahsanteni sana, hata wenye tovuti za miaka mingi watafaidika. Mmoja ameniuliza pembeni: ukurasa wake wa oda huandika simu ya mteja kwenye anwani, mfano /asante?simu= ikifuatiwa na namba yenyewe. Kuna ubaya?

Fundi wa Tudor

Upo, na mkubwa. Anwani yote ya ukurasa hutumwa Google, kwa hiyo namba za wateja zinakaa kwenye ripoti zako. Masharti ya Google Analytics yanakataza, na hapa Kenya namba ya mtu ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwambie fundi wake abadilishe fomu itumie POST badala ya GET, ili simu isiingie kwenye anwani. Wakati anasubiri, afungue mipangilio ya mtiririko wa data, awashe kipengele cha kuficha vigezo vya anwani (vinavyofuata alama ya ?) na aandike neno "simu" kwenye orodha. Kisha ajaze fomu ya majaribio kwa namba ya uongo na atazame ripoti ya papo hapo kama bado inatokea.