Umeme tunao, ila mkaa bado ndo unapika: nani alituuliza?

Wadau naomba tulijadili hili. Kuna hoja inazunguka eti mambo ya nishati waachiwe wataalamu, sisi raia wa Uganda kazi yetu kununua Yaka (umeme wa kulipia kabla) basi. Mi nakataa kabisa.

Angalieni, bwawa la umeme la Karuma, megawati 600, lilizinduliwa Septemba 2024, weka na mabwawa ya Bujagali 250 na Isimba 183, tunao umeme kuliko tunavyoutumia na kwa mikataba iliyosainiwa kuna ambao hautumiki na bado unalipiwa, halafu pita mtaa wa Katwe hapa Kampala jioni uone, kila mlango sigiri (jiko) ya mkaa na maharage juu. Huko Acholi, kaskazini, miti ya shea ilikatwa kwa ajili ya huo mkaa mpaka 2023 Rais akapiga marufuku biashara yake kaskazini, na Kampala bado inapika kwa mkaa.

Alafu kuna ile bei nafuu ya umeme wa kupikia. Yuniti 15 za kwanza za mwezi nafuu, kutoka 16 mpaka 80 bei kamili, ndo 81 mpaka 150 inashuka. Sasa mpangaji wa muzigo (chumba kimoja cha kupanga) mwenye balbu mbili na redio atafika lini hiyo 81? Mama yeyote wa sigiri angeulizwa mapema angewaambia yuniti za bei nafuu zianze chini, na umeme usikatike chakula kikiwa motoni!

Najua mtasema kuuliza watu kunachelewesha, na giza la 2006, maji ya Ziwa Victoria yaliposhuka na umeme ukakosekana, hakuna anayelitamani. Sawa, lakini lile giza lilitokana na kutegemea maji ya mto mmoja, na mpaka leo mabwawa yetu makubwa yote yako Nile hiyohiyo, jua tunalo mwaka mzima na tunaligusagusa tu. Na watu wakiulizwa wanasaidia: 2019 Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme ilitangaza ombi la kampuni ya Bonang kujenga bwawa kwenye hifadhi ya Murchison, kwenye maporomoko ya Uhuru, watu wa utalii na raia wa kawaida wakapinga kwa nguvu na mpaka leo maporomoko yapo.

Mi nataka vikao vifike kwenye kata, kwa lugha ya watu wa pale, kabla mkataba haujasainiwa, sio bei ikishapangwa ndo tunasoma tangazo la Kiingereza gazetini.

Ndugu zangu wa Gulu, Hoima, Mbarara, nyie mmewahi kuitwa kikao chochote cha bei ya umeme? Na mlisikilizwa?