Mrejesho: kijivu au nyeupe? Sebule imeshapakwa

Asanteni mlionishauri niliposhindwa kuchagua kati ya kijivu kilichokolea na nyeupe pe.

Fundi alipaka kipande cha kila rangi ukutani, mikono miwili (yaani tabaka mbili), tukaacha vikauke. Asubuhi kijivu kilipendeza kwelikweli. Kufika saa kumi jioni, na mawingu haya ya Julai, kona ya televisheni ikawa giza totoro. Tuko ghorofa ya pili hapa Roysambu, Nairobi, na dirisha linatazamana na ukuta wa jirani, kwa hiyo mwanga wetu ni wa kuombaomba. Nyeupe safi hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoifikia; kijivu kile huumeza karibu wote.

Kuna aliyependekeza kijivu nusu ya chini na nyeupe juu, kuficha uchafu wa watoto. Mama watoto akacheka: "Hiyo si sebule, ni darasa la nne."

Tumepaka nyeupe kuta tatu, ile ya silki, yenye mng'ao kidogo, ambayo uchafu wake hufutika kwa kitambaa chenye maji. Vumbi jekundu la vidole vya mdogo wetu limeshaijaribu, na limetoka. Kijivu kimekaa kwenye ukuta wenye dirisha tu, maana huo haupigwi na mwanga wa nje moja kwa moja. Balbu nyeupe ilifanya chumba kifanane na wodi, tukaweka ya manjano.

Mwenye nyumba karidhia, mradi tukihama turudishe nyeupe kote.