Nimemposti fundi sofa nikamwita tapeli, leo nimeletewa barua ya wakili

Wakuu habari za jioni. Nilimpa jamaa wa fanicha huku Keko laki nne advansi ya sofa, wiki tatu simu hapokei, hasira zikanipanda nikaposti picha yake Instagram na maandishi makubwa TAPELI HUYU MSIMPE HELA. Siku mbili baadae sofa hilo mlangoni na kirikuu, mi posti nikaisahau kabisa. Leo wakili wake anataka niombe radhi na nilipe fidia. Ana kesi kweli?

Mwana Temeke: Anayo mkuu. Ungeandika tu nimelipa tarehe fulani mzigo sijapata, ukaweka na muamala, huo ni ukweli na ukweli ni utetezi. Tapeli ni kumwita mwizi, na sofa umelikalia hapo 😂

Shangazi wa Ilala: Piga skrinishoti kila kitu ndo ufute. Na usimjibu kwa meseji za matusi, zinageuka ushahidi. Halafu kuna sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 kifungu cha 16, ukisambaza uongo unajua ni uongo ili kumchafua mtu, faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Fidia ni kesi nyingine hiyo.

dogo_kino: mi niliisheya grupu la mtaa, nipo salama?

Mwana Temeke: Umo dogo, kusambaza nako ni kuchapisha.

Mleta mada: Nimefuta. Kesho namfuata Keko tuyamalize, sofa lenyewe zuri jamani.