Naombeni ushauri: naachaje kazi ya dukani bila kugombana na bosi?

Wakuu, nauza dukani, kaunta mimi, stoo mimi. Bosi hana neno na mshahara hacheleweshi, ila nimechoka kusimama kutwa na nimepata sehemu nyingine. Nataka niage vizuri, isije siku akapigiwa simu kuulizwa habari zangu akanichafua. Barua niiandikeje? Usingizi sipati.

Kidumu: Ngoja waje wenye busara zao.

MamaMizani: Barua iwe fupi: tarehe, kazi yako, siku yako ya mwisho, shukrani, basi. Malalamiko usiyaweke. Ila kwanza mwambie kwa mdomo, mkiwa wawili tu. Toa nakala mbili, moja akusainie kuwa kapokea.

ChumaUlete: Mimi niliacha kwa kuzima simu. Hadi leo nikilikaribia lile duka navuka barabara. Na bosi mwenyewe alikuwa na binti... tuyaache.

Makabidhiano: Mkataba unasema notisi muda gani? Na huko unaanza lini?

Mleta mada: Mwezi. Naanza Jumatatu.

Makabidhiano: Jumatatu hii? Huko ni wapi?

Mleta mada: Duka linalotazamana na letu. La mdogo wake bosi, hawasalimiani. Lakini jamani, kila mtu anatafuta maisha. Na wateja niliowaambia ni wale tuliozoeana tu.

MamaMizani: Kumbe wateja wameshajua kabla ya bosi! Mwanangu, hapo barua nzuri itasaidia nini?

Ustaadhi: Vijana hamna shukrani.

Makabidhiano: Kamwambie leo. Omba akupunguzie notisi, na ujue akikataa unaweza kudaiwa mshahara wa mwezi huo. Halafu hesabuni stoo na droo pamoja, msaini, ndipo umpe funguo. Ukiondoka bila hesabu, kila kitakachopungua ni wewe.

Mpelelezi: Chai hii. Akaunti hiihii juzijuzi ilileta uzi kama mwenye duka, analalamika muuzaji wake ananyemelewa na mdogo wake.

Kidumu: 😂😂 Amesahau kubadilisha akaunti!

Mleta mada: Si chai. Akaunti ipo kwenye simu ya dukani, tunatumia wote.

Mpelelezi: Wote na nani?

Mleta mada: Na bosi.

MamaMizani: Yarabi!

Mleta mada: Mods, naomba uzi ufutwe haraka.

ChumaUlete: Usifutwe kwanza, tunasubiri mrejesho wa bosi.