Naomba ushauri: "Pliosini" tuiiteje kwa Kiswahili?

Habari zenu wakuu. Naandaa maelezo ya wanafunzi kuhusu nyayo za Laetoli, kule Tanzania, zile za viumbe wa kale wa jamii ya binadamu za miaka kama milioni 3.66 iliyopita, na nimekwama kwenye neno moja: Pliosini, jina la enzi ya kijiolojia ambamo nyayo hizo zilikanyagwa.

Lilibuniwa na Charles Lyell, mwanajiolojia wa Uingereza, mwaka 1833, kutokana na Kigiriki: pleion ni "zaidi", kainos ni "mpya". Alikuwa akihesabu makombe (magamba ya konokono na chaza) yaliyogeuka visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhiwa kwenye miamba. Tabaka lenye aina nyingi zaidi zinazoishi hadi leo ndilo akaliita hivyo. Kumbe "mpya" ni makombe, siyo dunia!

Nilipowatafsiria "enzi mpya zaidi", binti mmoja akauliza: mbona mpya, na binadamu wa leo hajatokea? Swali zuri sana, nami sikuwa na jibu fupi.

Wanachokielewa haraka ni mandhari yenyewe: majivu ya volkano, matone ya mvua yaliyoacha vishimo, nyayo za kanga na tembo kando ya zile za waliotembea wima.

Sasa wataalamu wa lugha na jiolojia, niache "Pliosini" na kueleza asili yake, au kuna tafsiri isiyopotosha? Walimu wenzangu, ninyi huwa mnasemaje darasani?